Dagoretti, Kijiji cha Mpakani

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi kuelekea magharibi, akashika njia ya Ngong au ile ya Waiyaki, aghalabu hatambui kwamba safari yake nzima ni ya kupanda, maana mwinuko wenyewe ni wa taratibu na macho yake yameshughulika na magari na majumba. Lakini stesheni ya reli iko kwenye kimo cha mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari, na mpaka msafiri huyo afike soko la Dagoretti atakuwa amepanda mita mia mbili na zaidi, na akiendelea hata Kikuyu atakaribia mita 2,000. Udongo nao hubadilika chini ya miguu yake: ule mweusi wa uwandani, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kufura wakati wa masika hata ukatikisa misingi ya nyumba, huachwa nyuma, na mahali pake huja udongo mwekundu, wenye kina kirefu na utii kwa jembe, uliozaliwa na volkano za zama zisizokumbukwa na mtu. Katika mabonde ya Kirichwa limelala lile jiwe la kijivu ambalo waashi wamelichonga tangu mwanzo wa mji, na wataalamu wa miamba wakaipa tabaka hiyo jina la bonde lenyewe. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu. Motoine huanzia Dagoretti, ukapita msitu wa Ngong na kuingia katika bwawa la Nairobi. Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo hushuka kati ya vitongoji ambavyo leo vina majina ya kifahari. Na yote huelekea mashariki ikiwa imeachana kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na kila baina ya mto na mto pana mgongo wa ardhi njema ambao watu walijua thamani yake kabla ya kuwako reli, kampuni wala serikali ya kigeni.

Nimeanza na ardhi kwa sababu taarikhi ya Nairobi tuliyofunzwa madarasani huanza na maji yaliyotuama: kwamba mwaka 1899, tarehe 30 Mei, reli iliyotoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi kisicho na mkazi, wahandisi wakapiga hema zao, na mji ukachipuka kutokana na mahema hayo. Maneno hayo yana kweli kwa kadiri yanavyohusu stesheni, karakana na afisi. Lakini yakichukuliwa kuwa ndiyo asili ya Nairobi yote huwadhulumu watu wa migongo ile ya magharibi, na hufanya Dagoretti, Riruta, Uthiru, Waithaka, Mutuini na Ruthimitu vionekane kuwa viunga vilivyoota pembeni ya mji, ilhali ni mji uliokuja kuota pembeni ya vijiji hivyo. Dagoretti ilikuwa mahali pa kukutana mataifa wakati kinamasi kile kilipokuwa bado ni manyweo ya ng'ombe wa Wamasai. Ninaamini kwa dhati kwamba kijiji hiki kinastahili kitabu chake, kilichoandikwa kwa uangalifu na kuwekwa mikononi mwa watoto wake, na nitajaribu hapa kueleza kwa nini.

Tazama kwanza mahali penyewe palivyokaa. Kwa upande wa kaskazini na magharibi ni nchi ya Wakikuyu, wakulima, ambao mapokeo yao husema kwamba sehemu hizi za Kiambu ya kusini walizipata kwa kununua kutoka kwa Waathi, wawindaji ambao wengine huwaita Wandorobo, kwa mbuzi na kwa ng'ombe na kwa sherehe za kufanyana ndugu. Kwa upande wa kusini na mashariki ni uwanda mpana wa Wamasai, wachungaji. Na baina ya hao wawili ulisimama ukanda wa msitu mnene, ambao Wakikuyu waliuacha kwa makusudi usikatwe, uwe ngome yao, wakatengeneza humo njia nyembamba zilizofichwa na kutegwa ili adui asipite. Mabaki ya msitu huo ndiyo tunayoyaona leo katika misitu ya Ngong na Dagoretti, na kila ninapopita karibu nayo huona kwamba ni ukuta wa mji wa kale, ukuta uliojengwa kwa kutokata badala ya kujengwa kwa mawe.

Ukuta ule ulikuwa na milango. Mpaka wa Dagoretti ulikuwa mpaka wa vita na biashara kwa pamoja, na ajabu yake ni kwamba biashara haikukatika hata vita vilipokuwa vikali. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa na amani yao. Wanawake wa Kikuyu walitoka na viazi vitamu, maharagwe, mtama, ndizi, vibuyu na tumbaku. Wa Kimasai walileta ngozi na kondoo. Wakakutana mahali palipojulikana, wakabadilishana, na kila mmoja akarudi kwao salama, wakati waume zao na wana wao huenda wamo vichakani wakivizia mifugo. Kutokana na soko hilo zikaja ndoa, kutokana na ndoa zikaja koo zenye damu mbili, na ndiyo maana mtu akichunguza nasaba za wenyeji wa sehemu hizi hukuta mara nyingi babu mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya msitu. Waiyaki wa Hinga mwenyewe, ambaye barabara yetu kuu ya magharibi ina jina lake, hutajwa katika mapokeo kuwa na asili ya Kimasai katika ukoo wake. Naye alikuwa mkubwa wa Wakikuyu wa mpaka huo.

Waswahili nao walifika mapema. Misafara ya pwani, iliyokuwa ikitafuta pembe za ndovu bara, ilikuwa na kituo chake Ngong, mahali walipopaita Ngongo Bagas, na hapo wapagazi walilala siku kadhaa wakinunua chakula cha Wakikuyu kabla ya kuingia jangwa na nyika za kaskazini. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, alizijua njia hizi vema kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Joseph Thomson alipopita 1883, na mkabaila Teleki wa Hungaria alipofuata 1887, wote wawili walitegemea maarifa ya Kimemeta, ingawa vitabu vilichapishwa kwa majina yao wao. Kwa hiyo Kiswahili, lugha ninayoandikia sasa, kilisikika katika ukingo wa msitu wa Dagoretti kikiuliza bei ya maharagwe muda mrefu kabla ya kusikika katika mtaa wowote wa Nairobi. Na hilo ni jambo ambalo wapenzi wa lugha hii wangepaswa kulithamini.

Oktoba 1890 alifika Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Imperial British East Africa, akiwa njiani kwenda Uganda. Alitafuta mahali pa kujenga kituo ambapo misafara ingepata chakula, na kwa sababu hiyohiyo iliyowaleta wanawake sokoni na Waswahili kambini, akachagua Dagoretti. Yeye na Waiyaki wakala yamini ya udugu wa damu tarehe 11 Oktoba, na yaliyokubaliwa hayakuwa mengi wala magumu: Kampuni ingekaa kwa ridhaa, isingetwaa ardhi wala mali ya wenyeji, nao wenyeji wangeiacha ikae na kuiuzia chakula. Lugard akajenga boma lake na mwanzo wa Novemba akaendelea na safari, akamwacha George Wilson msimamizi. Ahadi ile ilivunjwa upesi mno. Watu wa Kampuni walichukua vyakula mashambani bila ya kulipa na kuwavunjia heshima wanawake, wenyeji wakakasirika, na mwaka 1891 Wilson akalazimika kuliacha boma, nalo likachomwa moto. Boma la kwanza la utawala wa Kiingereza katika nchi ya Wakikuyu liliishi miezi michache tu, na lilikuwa Dagoretti. Watu wangapi wakaao leo hatua chache kutoka hapo wanaijua habari hiyo? Nimewauliza vijana wengi wa Riruta na Waithaka, wenye akili na elimu nzuri, na wengi wao wananitajia Fort Jesus ya Mombasa.

Mwaka huohuo wa 1891 Kampuni ilirudi, na Meja Eric Smith akajenga boma jipya, Fort Smith, upande wa Kabete, kaskazini kidogo. Mambo hayakutengemaa. Agosti 1892 Waiyaki aliingia bomani, pakatokea ugomvi baina yake na Purkiss aliyekuwa msimamizi, akajeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo na kupelekwa pwani kwa miguu. Naye hakufika, akafa Kibwezi Septemba ya mwaka huo. Mapokeo ya watu wake husimulia kwamba alizikwa yu hai. Mahali pake pa heshima mbele ya Wazungu pakashikwa na Kinyanjui wa Gathirimu, mtu aliyepanda daraja kwa kuitumikia Kampuni, akafanywa baadaye chifu mkuu, akawa na ardhi nyingi na wake wengi huko Dagoretti, na kufa 1929. Karen Blixen, aliyekuwa jirani yake kwa upande wa Ngong, ameandika habari za kifo chake katika kitabu ambacho dunia nzima imekisoma. Sipendi kumhukumu Kinyanjui kwa wepesi, maana kijiji cha mpakani humlazimisha kila mtu mwenye madaraka kuchagua, na waliochagua kinyume chake walikwisha onja mnyororo. Lakini ni haki kusema kwamba Waiyaki aliipoteza roho yake kwa mapatano ambayo si yeye wa kwanza kuyavunja.

Na misiba ilikuwa bado inakuja. Sotoka ilikuwa imekwisha kuwaangamiza ng'ombe wa Wamasai tangu mwanzo wa miaka ile ya tisini, ndui ikafuata, na baada yake wakapigana wao kwa wao, wafuasi wa Olonana na wafuasi wa nduguye Sendeyo. Katika 1893 na 1894 Wamasai waliokimbia vita hivyo walikuja kuomba hifadhi kando ya Fort Smith, na wakaishi miongoni mwa wakulima waliokuwa jana ni adui zao. Kisha ukaja ukame na njaa kuu ya 1898 na 1899, pamoja na ndui tena, na Kiambu ya kusini ikapoteza watu wengi mno. Familia nyingi zikahama kurudi kaskazini, Murang'a na Nyeri, zikitumaini kurejea mvua zitakaponyesha. Reli ikapanda mgongo kupitia Dagoretti na Kikuyu katika wakati huohuo wa huzuni. Wageni waliofuata nyuma yake waliona mashamba yaliyorudi vichaka wakaandika kwamba nchi ni tupu, na kuanzia 1902 serikali ikaanza kuwagawia walowezi. Ndiyo asili ya mashamba makubwa yaliyoizunguka Dagoretti, na ndiyo asili ya manung'uniko ya ardhi ambayo hayajesha mpaka leo: mtu aliyehama kwa njaa alirudi akakuta hati imeandikwa kwa jina la mwingine.

Hapa nataka kuvuka bahari kidogo, nitazame vijiji vingine vya mpakani. Katika nchi ya Ufaransa, kwa upande unaopakana na Ujerumani kwa mto Rhine, liko jimbo la Alsace, ambalo vijiji vyake vimebadili dola mara nne katika muda wa maisha ya mtu mmoja bila ya nyumba hata moja kuhama: 1871 vilitwaliwa na Ujerumani, 1918 vikarudi Ufaransa, 1940 vikatwaliwa tena, na 1945 vikarejeshwa. Mtoto aliyezaliwa huko 1865 na kujaaliwa miaka themanini alizaliwa Mfaransa na kufa Mfaransa, na katikati akawa raia wa Mjerumani mara mbili. Jimbo hilo si geni kwetu kama linavyosikika. Padri Anton Horner, aliyeanzisha misheni ya Bagamoyo 1868, alikuwa mtu wa Alsace. Na Askofu Emile Allgeyer, aliyeliongoza Kanisa Katoliki la sehemu zetu kutoka Zanzibar tangu 1897, alizaliwa Rixheim, kijiji cha huko. Katika zama za Allgeyer, mwaka 1899, mapadri wa Roho Mtakatifu walipanda kutoka pwani wakaanzisha misheni ya St Austin's kwenye mgongo ulio kati ya stesheni na Dagoretti, mahali ambapo leo ni Lavington. Watu wakaiita Misheni ya Wafaransa.

Mapadri hao walileta miche ya kahawa, ya asili ya kisiwa cha Réunion, wakaipanda katika udongo ule mwekundu, nayo ikakubali kuliko walivyotarajia. Kutoka St Austin's mbegu zikaenea kwa walowezi wa Kiambu nzima, zikaitwa duniani kwa jina la misheni hiyo. Na baadaye, katika miaka ya 1930, watafiti wa Maabara ya Scott pale Kabete walipokuwa wakichagua miti bora, mmoja waliouchagua ulikuwa umesimama katika shamba la Loresho, na huo ndio mama wa aina iitwayo SL34, ambayo wanunuzi wa kahawa wa nchi za mbali huitafuta kwa bei kubwa hata leo. Lakini wakulima wa Dagoretti, ambao jembe lao ndilo lililoutunza udongo ule kwa vizazi, hawakuruhusiwa kupanda mti huo kwa faida yao mpaka miaka ya 1950. Walichuma katika mashamba ya wengine. Siwezi kuyataja mambo mawili hayo, uzuri wa kahawa na ukatazo wake, bila ya kuona uchungu, na sidhani kwamba mwandishi wa taarikhi anayo ruhusa ya kutaja moja akaacha la pili.

Vita vya 1914 vilizipata sehemu zote mbili. Vijana wa Alsace walivishwa sare ya Kaisari wapigane na Wafaransa, miongoni mwao mkiwa na jamaa zao. Na vijana wa Dagoretti na Kabete wakakamatwa kwa wingi kupelekwa Tanganyika, wachukue mizigo ya jeshi la Kiingereza likimfuata jemadari wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, wakafa kwa kuhara na malaria zaidi kuliko kwa risasi. Wote walikufa katika ugomvi wa dola ambazo hawakuzichagua.

Waliorudi hawakurudi kama walivyokwenda. Dagoretti ilikuwa sasa na shule jirani, maana wamisheni wa Kiskoti walikuwa wamehamia huko kutoka Kibwezi tangu 1898, Thomas Watson akifa 1900 na mjane wake Minnie akiendelea na kazi kwa miaka mingi. Na Thogoto, mwendo mfupi kutoka sokoni, ndiko alikofika mvulana Kamau 1909 kujifunza kusoma, yule ambaye ulimwengu ungemjua kwa jina la Jomo Kenyatta. Alipokuwa mfanyakazi wa maji katika halmashauri ya Nairobi, katika miaka ya ishirini, alikuwa na nyumba na duka dogo Dagoretti, na duka lile lilikuwa pia baraza la mazungumzo. Na ilikuwa Dagoretti, tarehe 24 Juni 1921, ambapo machifu wa Chama cha Wakikuyu, maafisa wa serikali na wamisheni walikutana kuzungumza juu ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, na kijana Harry Thuku, karani wa mjini, akaja kusikiliza na kusema. Miezi tisa baadaye Thuku alikuwa kifungoni, na watu waliokusanyika kudai afunguliwe walikuwa wakipigwa risasi mjini, karibu na mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu huikumbuka damu iliyomwagika mjini. Baraza la Dagoretti lililotangulia halitajwi.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Mpaka wakati huo watu wa migongo hii waliishi kwa kutawanyika, kila jamaa katika boma lake na shamba lake likiwa limemzunguka. Tangu 1954 serikali iliwalazimisha Wakikuyu kuhamia katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari, vikazungushwa handaki na miiba, na kwa mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walikuwa wakikaa hivyo. Wakati watu wamefungiwa vijijini ndipo ardhi yao ilipopimwa upya na kuunganishwa, vipande vilivyotawanyika vikafanywa kiwanja kimoja, na hati zikatolewa. Wengi waliokuwa kizuizini au msituni walipokwisha kufunguliwa walikuta upimaji umepita bila wao. Hati zile bado zina nguvu. Shamba la mtu wa Riruta huandikwa mpaka leo kwa jina la Dagoretti, kisha jina la Riruta, kisha nambari yake. La mtu wa Mutuini vivyo hivyo. Na mtu anayenunua chumba katika ghorofa mpya ya Kawangware, ambaye hajapata kuwaza kama alihamia kijijini, jina la kijiji limo katika daftari linaloishika milki yake.

Jambo hili lanirudisha Alsace kwa neno moja. Huko, daftari la ardhi lililowekwa na Wajerumani lilibakishwa na Wafaransa waliporejea, nalo latumika hata sasa, tofauti na sehemu nyingine za Ufaransa, kwa kuwa wenyeji waliona lina manufaa na wakasimama kulitetea. Sisi pia tunaishi juu ya daftari la serikali iliyokwisha ondoka. Lakini wao wanajua lilitoka wapi, nani alifaidika, nani alihasirika, na kila kijiji kina mtu aliyeketi akayaandika hayo. Kwetu hati yasomwa na wakili na dalali, haisomwi na mwalimu wa taarikhi.

Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa ikafikia kilomita za mraba 690 hivi, na Dagoretti, iliyokuwa Kiambu, ikaamka ndani ya jiji. Ilikuwa dola ya mwisho katika mfululizo mrefu: wazee wa koo, Kampuni, Himaya tangu 1895, Koloni tangu 1920, na sasa halmashauri ya mji wa taifa huru. Mzee aliyezaliwa 1880 na kuishi hadi mwaka huo aliyapitia yote bila ya kuhama mgongo wake. Kilichofuata wakazi wa leo wanakijua: mashamba yalikatwakatwa kwa mirathi, vyumba vya mabati vya kupangisha vikajaa Kawangware na Kangemi, wakaja watu wa magharibi ya Kenya kwa maelfu, Waluhya hasa, na wengine kutoka kila pembe, na wenyeji wengi wakaacha jembe wakaishi kwa kodi ya nyumba. Nayo kahawa imetoweka isipokuwa kama jina la mtaa au kumbukumbu ya bibi. Mahali pengine majani ya ng'ombe na sukumawiki bado vinalimwa kwenye ukingo wa mto, baina ya ghorofa mbili, na mlimaji ni mjukuu wa aliyepimiwa kiwanja hicho katika Hali ya Hatari.

Lakini nenda sokoni Dagoretti alfajiri. Malori yanashusha ng'ombe na mbuzi waliotoka Kajiado, Narok na mbali zaidi. Wachungaji na mawakala wa Kimasai wamesimama na fimbo zao wakipatana bei na wachinjaji na wenye mabucha, Kikuyu kikijibizana na Kimasai na Kiswahili kikiwa kati yao. Na kabla ya jua kupanda nyama imekwisha kuondoka kulisha sehemu kubwa ya Nairobi. Kaunti tatu, Nairobi, Kiambu na Kajiado, zinakaribiana hapo kwa mwendo wa kutembea, na barabara ya Southern Bypass inapita mahali msitu wa mpaka ulipokuwa mnene. Bidhaa ya mchungaji na fedha ya mkulima hukutana leo mahali palepale wanawake wa kale walipokutana na ngozi zao na maharagwe yao. Hakuna serikali iliyoliamuru soko hili kukaa hapo. Limewekwa na ardhi yenyewe, kwa kuwa hapa uwanda unakoma na mlima unaanza, na kila dola iliyopita imelikuta, ikalitoza kodi, ikaondoka ikaliacha.

Basi ninaloliomba halihitaji fedha nyingi. Ripoti za kila mwaka za wilaya ya Kiambu zimo katika jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, katikati ya jiji, na mtu yeyote mwenye subira aweza kuziomba na kuzisoma. Daftari za ardhi zipo. Rejista za ubatizo za Thogoto na St Austin's zipo. Na wazee waliokuwa watoto ndani ya vijiji vya 1954 wangalipo, ingawa hesabu yao hupungua kila mwaka. Kaunti ya Nairobi ingeweza kuwaajiri vijana wachache wa Dagoretti Kaskazini na Dagoretti Kusini, wajuao Kikuyu na Kimasai na Kiluhya, wakakaa na wazee hao na kuandika wanayoyasema, kisha walimu wakayakusanya pamoja na nyaraka, kitabu kikatoka kwa Kiswahili kinachosomeka na kikafundishwa kwanza katika shule za Riruta, Mutuini, Uthiru na Kawangware. Mahali pa boma la Lugard pawekwe jiwe lenye maneno yanayotaja yamini ya 1890 na aliyeivunja. Na chanzo cha Motoine na kinamasi cha Ondiri vilindwe kwa sheria ile ile inayolinda majengo ya kale, maana mito hiyo ndiyo iliyoiumba migongo, na migongo ndiyo iliyowaita watu. Wazee wa kuhojiwa hawana muda wa kungojea makadirio ya fedha ya mwaka kesho. Kazi ya kuwasikiliza ianze na ya mwaka huu.